Karatasi Nyembamba Sana na Ugonjwa wa Kansere

Labda umesikia watu wakisema kwamba kansere haina dawa kabisa. Labda umesikia wengine wakisema kwamba huko ng'ambo wamekwisha kupata dawa ya ajabu, ndogo kuliko mavumbi, inayotafuta kansere ndani ya mwili na kuichoma. Maneno haya yote mawili si ya kweli kamili. La kwanza linaua watu, kwa sababu linawafanya wakae nyumbani wakingoja kufa. La pili pia linaweza kuua, kwa sababu linawafanya watu wangoje kitu ambacho hakijafika.

Katika somo hili tutakueleza dawa hiyo mpya ni kitu gani, inafanya kazi namna gani, na imefika wapi. Mwishoni utafahamu pia yakupasayo wewe kufanya leo.

1. KANSERE NI NINI?

Mwili wako umejengwa kwa vipande vidogo sana, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Vipande hivi vinaitwa chembe. Huwezi kuona chembe moja kwa macho tu. Munganga anaiona kwa mikroskopi. Kila siku chembe nyingine zinakufa, na nyingine zinazaliwa kushika nafasi yake. Kazi hii ina utaratibu. Ukijikata kidole, chembe zinaongezeka mpaka jeraha limefunga, halafu zinaacha.

Lakini mara nyingine chembe moja inaharibika, wala haisikii tena amri ya kuacha. Inajigawanya kuwa mbili, mbili kuwa nne, nne kuwa nane, mpaka uvimbe unatokea. Hiyo ndiyo kansere. Si uchawi, wala si laana ya jamaa. Huwezi kuipata kwa kula pamoja na mgonjwa katika sahani moja. Ubaya wake mkubwa ni huu: haikai mahali pamoja. Chembe zake zinaingia katika damu, zinasafiri, zinaota tena katika ini, katika mapafu au katika mifupa.

Tangu zamani wanganga wanapigana nayo kwa silaha tatu: kisu, miali na dawa. Kisu ni kizuri sana uvimbe ukiwa mdogo, lakini hakiwezi kufuata chembe zilizokwisha kutawanyika. Miali inaua kansere, lakini mashini zake ni chache na bei yake ni kubwa. Dawa zinafika mwili mzima, lakini kwa sababu hiyo zinapiga chembe nzuri pamoja na mbaya. Ndiyo maana mgonjwa anapotewa na nywele, anatapika, na damu yake inapungua.

Fikiri juu ya mtu anayelima magugu usiku katika shamba la karanga. Hana taa. Jembe lake linakata magugu, lakini linakata karanga pia. Basi tatizo la wanganga ni hili: wapate namna gani kupiga magugu na kuacha karanga?

2. KITU CHEMBAMBA KULIKO KARATASI ZOTE

Chukua kreyo ya mtoto wa shule. Kile kitu cheusi ndani yake kinaitwa grafiti. Imefanywa kwa kaboni, kitu kile kile kilichomo katika makaa ya jikoni na hata katika almasi za Mbuji-Mayi. Tofauti yao ni namna kaboni ilivyopangwa. Katika grafiti imepangwa kama kurasa za kitabu, ukurasa juu ya ukurasa, na kurasa hizo hazishikamani sana. Unapoandika, kurasa nyingi zinateleza na kubaki juu ya karatasi yako. Huo ndio mstari mweusi unaouona.

Je, mtu anaweza kutoa ukurasa mmoja tu? Mwaka 2004, katika mji wa Manchester, Uingereza, wanaume wawili, Andre Geim na Konstantin Novoselov, walionyesha kwamba inawezekana. Walitumia utepe wa kawaida wenye gundi. Waliubandika juu ya grafiti, wakaubandua, wakakunja, wakabandua tena na tena, kila mara vipande vikiwa vyembamba zaidi, mpaka walipopata ukurasa mmoja peke yake. Ukurasa huo unaitwa grafini. Mwaka 2010 walipewa zawadi ya Nobel kwa kazi hiyo.

Unene wa grafini ni nini? Ukiweka kurasa 3,000,000 moja juu ya nyingine, utapata unene wa milimita 1 tu. Kwa hiyo wenye elimu wanasema ina urefu na upana, lakini unene karibu hakuna. Tena, kwa sababu ni nyembamba hivi, ina nafasi kubwa mno ya kuwekea vitu. Gramu 1 tu, ukipima upande wa juu na upande wa chini, ina zaidi ya mita za mraba 2,600. Hiyo inapita theluthi moja ya uwanja wa mpira wa miguu.

Baada ya grafini watu walitafuta kurasa nyingine. Mwaka 2011, katika mji wa Philadelphia, Marekani, walipata jamii ya kurasa za chuma na kaboni zinazoitwa maksini. Ziko pia kurasa za fosforasi nyeusi, na kurasa za molibdeni na salfa. Zote zina tabia moja: ni pana, lakini nyembamba sana.

Kwa kazi ya kansere kurasa hizi zinakatwa vipande vidogo mno, vingi vikiwa vidogo kuliko chembe yenyewe mara mia au zaidi. Halafu zinavikwa nyuzi za kitu kinachopenda maji, ili zisigandamane katika damu. Sasa tutazame kazi zake tatu.

3. KAZI YA KWANZA: KUBEBA DAWA

Dawa nyingine za kansere ni kali na nzuri, lakini hazikubali kuyeyuka katika maji. Damu yetu ni maji kwa sehemu kubwa. Dawa isiyoyeyuka haiwezi kutiwa katika mshipa, kama vile mafuta ya mawese yasivyokubali kuchanganyika na maji ya mtoni.

Mwaka 2008, katika chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walichukua vipande vya grafini vyenye oksijeni, wakavivika zile nyuzi, wakabandika dawa ya namna hiyo juu yake. Dawa ilishikamana na ukurasa, na ukurasa ukaelea vizuri katika maji. Walipoitia juu ya chembe za kansere katika chupa, chembe zilikufa. Ukurasa ulikuwa kama mtumbwi: mzigo usioweza kuogelea ulivushwa.

Lakini mtumbwi unajua namna gani mahali pa kushusha mzigo? Ziko njia mbili. Ya kwanza, mishipa ya damu ndani ya uvimbe inajengwa haraka na vibaya, ina matundu kama ukuta usiokandikwa vizuri. Vipande vidogo vinapenya katika matundu hayo na kubaki ndani. Ya pili, uchachu ulio ndani ya uvimbe unazidi kidogo ule ulio katika nyama nzuri ya mwili. Dawa nyingine zinashika ukurasa kwa nguvu katika damu, lakini zinauachilia zikikutana na uchachu.

4. KAZI YA PILI: KUCHOMA KWA MWANGAZA

Usiku washa tochi na uifunike kwa kiganja chako. Utaona mwangaza mwekundu ukipita katika vidole. Mwangaza mweupe umeingia, lakini mwekundu ndio uliovuka. Sasa, uko mwangaza mwingine unaopita mwekundu, ambao macho yetu hayauoni. Huo unapenya nyama ya mwili zaidi, wala hauichomi sana ukipimwa vizuri.

Grafini ni nyeusi, na kitu cheusi kinakunywa mwangaza na kuugeuza kuwa moto. Unajua jambo hili: bati jeusi linachoma miguu ya kuku wakati wa jua kuliko bati jeupe. Basi wenye elimu waliwaza hivi: tupeleke vipande vya grafini ndani ya uvimbe, halafu tuumulike kwa ule mwangaza usioonekana. Nyama isiyo na grafini itapata moto kidogo tu. Uvimbe wenye grafini utachomeka.

Mwaka 2010 walijaribu hivyo kwa panya katika mji wa Suzhou, China. Panya wenye uvimbe walipigwa sindano ya vipande vya grafini katika mshipa. Kesho yake uvimbe ulimulikwa kwa mashini ya leza kwa dakika 5. Joto lake lilipanda kufika karibu digrii 50, na chembe za mwili haziwezi kuvumilia joto hilo. Uvimbe ukatoweka, wala haukurudi katika siku 40 walizowaangalia. Panya waliopata grafini bila mwangaza, na wale waliopata mwangaza bila grafini, uvimbe wao uliendelea kukua. Fahamu vizuri: vitu viwili pamoja ndivyo vilivyofanya kazi, si kimoja peke yake.

Hii ni habari njema kwa panya. Je, kwa watu? Mwaka 2019 ilitolewa habari ya wanaume 16 wa Marekani wenye kansere ya kibofu cha uzazi, ile tezi iliyo chini ya kibofu cha mkojo. Hao walitiwa vidonge vidogo mno vilivyovikwa dhahabu, kisha wakamulikwa kwa leza. Hazikuwa kurasa za grafini, lakini njia ni ile ile. Ilionekana kwamba uvimbe ndani ya mtu unaweza kuchomwa hivyo bila kumharibu mgonjwa.

Tena iko shida moja. Mwangaza huo hauendi mbali. Unapita sentimeta chache tu. Kansere iliyo ndani ya ini haiwezi kufikiwa kutoka nje. Lazima munganga aingize uzi mwembamba wa kioo unaopeleka mwangaza mpaka ndani.

5. KAZI YA TATU: KUFUNUA UGONJWA

Kazi hii labda ndiyo itakayosaidia watu wengi zaidi, maana kansere iliyofunuliwa mapema inapona kwa urahisi kuliko iliyochelewa.

Kansere, hata ikiwa ndogo, inaacha alama katika damu, kama panya anavyoacha nyayo katika unga. Alama hizo ni chache sana, na ni vigumu kuziona. Grafini inasaidia hivi. Wenye elimu wanatengeneza uzi mdogo wenye kung'aa, nao unafaa alama moja tu, kama ufunguo na kufuli yake. Uzi huo ukilala juu ya grafini, mwangaza wake unazimwa, kama kimulimuli aliyefunikwa na kitambaa. Lakini uzi ukikutana na alama yake katika maji, unaikumbatia na kuacha grafini, na mara moja unang'aa. Giza maana yake alama haipo. Mwangaza maana yake alama ipo. Njia hii ilionyeshwa huko China mwaka 2009.

Njia nyingine inatumia umeme. Umeme unapita katika grafini kwa wepesi sana. Alama moja ikitua juu ya ukurasa, mwendo wa umeme unageuka kidogo, na mashini inaona. Ukurasa mnene usingejua kwamba kitu kidogo kimetua juu yake. Lakini huu hauna ndani, wote ni uso.

Mwaka 2024 ukurasa wa grafini uliwekwa juu ya ubongo wa mgonjwa kwa mara ya kwanza, katika hospitali ya Salford karibu na Manchester. Wanganga walikuwa wakiondoa uvimbe wa ubongo. Ukurasa ule ulisikiliza umeme wa ubongo, ukaonyesha tofauti kati ya nyama nzuri na nyama yenye kansere. Unaona faida yake: kisu kikijua mpaka, hakikati kisichopasa kukatwa.

6. SABABU GANI HATUJAPEWA DAWA HII?

Hili ni ulizo la haki, nasi tunapaswa kujibu bila kuficha. Mpaka sasa hakuna ukurasa wa namna hii uliokubaliwa kuwa dawa ya kansere kwa watu, si katika Congo, wala Ulaya, wala Marekani. Sababu zake ni hizi:

Kwanza, vipande vingi havifiki kwenye uvimbe. Mwaka 2016 watu wa chuo kikuu cha Toronto, Canada, walikusanya habari za majaribio ya miaka 10 juu ya dawa ndogo mno za kila aina. Katika majaribio hayo, ambayo karibu yote yalikuwa ya wanyama, walikuta kwamba kwa kawaida katika sehemu 100 za dawa iliyotiwa, hata sehemu 1 nzima haikufika katika uvimbe. Nyingi zilikamatwa na ini na wengu, kwa maana kazi yake ni kusafisha damu.

Pili, haijulikani bado vipande vitakaa muda gani mwilini. Dawa ya kawaida inatoka kwa mkojo. Kipande cha grafini kinaweza kukaa katika ini miezi mingi. Fosforasi nyeusi ina faida hapa, kwa kuwa inaoza polepole na kuwa fosfati, ambayo mifupa yetu inayo tayari. Mwaka 2024 zilitolewa habari za watu 14 wenye afya waliokubali kuvuta hewa yenye vipande vya grafini vyenye oksijeni kwa saa 2, huko Edinburgh. Hawakuonekana kudhurika upesi katika mapafu wala katika moyo. Ni mwanzo mzuri, lakini saa 2 si miaka 20.

Tatu, panya si mtu. Uvimbe wa panya uko chini ya ngozi, nao unakua haraka. Dawa nyingi zimeponya panya na kushindwa kwa watu.

Kwa hiyo, jihadhari. Mtu akija sokoni na chupa au vidonge, akisema ni dawa ya grafini ya kuponya kansere, anakudanganya. Usiuze mbuzi wako wala shamba lako kwa ajili yake. Tena usisage kreyo wala makaa na kunywa. Mavumbi hayo si grafini iliyotengenezwa, wala hayana nguvu yoyote juu ya kansere. Fedha uliyotoa inaweza kupatikana tena, lakini miezi uliyopoteza hairudi.

7. BASI, UFANYE NINI?

Labda unasema, "Kama dawa mpya haijafika, nina tumaini gani?" Sikiliza. Moto wa kuchoma ugonjwa umekwisha kufika, kwa namna nyingine. Katika mlango wa tumbo la uzazi wa mwanamke, kansere inakawia miaka mingi kabla ya kuanza. Kwanza panatokea doa baya lisilouma. Mwuguzi aliyefundishwa anapaka siki kidogo, na doa linageuka kuwa jeupe. Halafu linaweza kuchomwa kwa chombo kidogo chenye joto la karibu digrii 100, kwa muda mfupi, na mwanamke anarudi nyumbani siku ile ile. Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, lilitoa maongozi ya kazi hii mwaka 2019. Haihitaji grafini wala leza. Inahitaji mwanamke aje kabla hajasikia maumivu.

Tena, watoto wetu wanaweza kupata uvimbe wa taya unaokua haraka sana. Munganga Denis Burkitt aliandika habari zake kutoka Uganda mwaka 1958, nao uko katika Congo pia. Unatisha kuuona, lakini ni moja ya kansere zinazosikia dawa upesi kuliko nyingine. Mtoto aliyeletwa mapema anaweza kupona kabisa.

Njoo hospitalini ukiona moja ya dalili hizi:

a) Kivimbe katika ziwa, hata kama hakiumi. Usingoje kiume, mara nyingi kansere changa haiumi.
b) Damu inayomtoka mwanamke baada ya kulala na mume wake, au baada ya kukoma hedhi.
c) Kidonda kisichopona baada ya majuma 3, au doa jeusi chini ya wayo linaloongezeka.
d) Chakula kukwama kooni, tena na tena.
e) Damu katika choo au katika mkojo.
f) Uvimbe wa taya au wa tumbo kwa mtoto.
g) Kukonda bila sababu.

Si kila kivimbe ni kansere. Vingi si kansere. Munganga atakata kipande kidogo na kukitazama kwa mikroskopi, ndipo mtajua kweli. Usiogope kipande hicho kukatwa, wala usiamini wanaosema kwamba kisu ndicho kinachotawanya ugonjwa. Kinachoutawanya ni kuchelewa.

Wewe mume, mke wako akikuambia ameona kivimbe, usiseme "tungoje mavuno." Wewe mama, usifiche kwa haya. Siku moja labda kurasa zile nyembamba zitafika katika hospitali zetu, na tutafurahi. Lakini hata siku ile zitamsaidia zaidi mgonjwa aliyekuja mapema.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Chembe ya kansere ina tofauti gani na chembe nzuri?
2. Sababu gani gramu 1 ya grafini inaweza kubeba dawa nyingi?
3. Katika jaribio la panya, ni vitu gani viwili vilivyohitajiwa pamoja ili uvimbe uchomeke?
4. Taja sababu tatu zinazofanya dawa hii isitumiwe bado kwa watu.
5. Utamjibu nini jirani anayetaka kununua "dawa ya grafini" sokoni?
6. Sema dalili nne zinazokupasa kuja hospitalini. Umekwisha kuwafundisha watu wa nyumba yako?